“Mama, mu mikate hii muko karanga?”

Ukitoka katikati ya Kisangani ukashika barabara ya mashariki, baada ya kilomita 17 hivi unafika Bangboka, kiwanja cha ndege cha kimataifa cha jimbo la Tshopo. Mtu wa hapa akisema anakwenda Bangboka, kuna anayesindikizwa, kuna anayepokelewa, au kuna mzigo unaosubiriwa. Kusubiri kwenyewe kunaweza kuwa kurefu. Jua linapanda, watoto wanaanza kulia, na mzazi anatia mkono mfukoni kutafuta noti ya franga 500.

Vitu vitamu vya kununua vinajulikana. Kwanza ni mikate, yale madonge ya unga wa ngano, sukari na hamira ambayo mama huyachota kwa mkono kutoka kwenye beseni, akaukamua unga kati ya kidole gumba na cha shahada, donge likadondoka kwenye sufuria ya mafuta na kugeuka lenyewe likishaiva upande mmoja. Mtu wa Mombasa angesema ni kalimati kubwa zisizo na shira. Kuna mikate ya ndizi zilizoiva mno. Kuna karanga zilizokaangwa na kuvikwa sukari iliyoungua. Kuna mkate mrefu wa tanuri uliopasuliwa katikati na kupakwa karanga za kusaga, mara nyingi zenye pilipili. Kuna mtindi wa maziwa ya unga uliofungwa kwenye vifuko na kugandishwa. Na pembeni, juu ya meza ndogo, kuna biskuti na bomboni za kiwandani.

Biashara hii wameishika akina mama, na wateja wanaipenda kwa sababu za kweli. Unakaribishwa kwa heshima, papa, mama au yaya kulingana na umri wako. Unaona kwa macho yako kinachopikwa. Unaruhusiwa kuchagua lile donge jekundu lililoiva sawasawa, na ukinunua vya kutosha unapewa matabishi: donge moja la ziada, au konzi ya karanga inayomwagwa juu ya mikate ndani ya karatasi ileile. Ukirudi wiki ijayo, mama anakukumbuka. Duka kubwa la vioo haliwezi kukupa ukarimu wa namna hii, na mimi nauthamini sana.

Lakini katika ukarimu huohuo kuna jambo moja ambalo mji wetu haujalizungumza. Ile konzi ya karanga ya matabishi inaweza kumuua mtoto.

Mzio wa chakula, au alerji kama tunavyozoea kusema huku, ni mwili kukitambua chakula kisicho na ubaya wowote kama adui. Kinga ya mwili hutengeneza silaha dhidi ya protini fulani ya karanga, maziwa, yai, ngano, ufuta au samaki, na siku chakula hicho kinaporudi mwili hushambulia kwa nguvu zote. Dakika chache baada ya kula, vipele vya kuwasha vinatokea, midomo na macho vinavimba, sauti inabadilika. Kwa wengi mambo huishia hapo. Kwa wachache koo linabana, pumzi inatoa mluzi, presha inashuka na mtu anaanguka. Hali hiyo kali ilielezwa na Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, mwaka 1902. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo, kwa hiyo hatuzungumzii ugonjwa uliobuniwa juzi na matajiri wa Ulaya.

Kiasi kinachotosha kuleta madhara ni kidogo kuliko tunavyodhani. Jopo la wataalamu lililoitishwa na FAO na WHO lilipendekeza miligramu 2 za protini ya karanga kama kipimo cha rejea, maana yake kiwango ambacho chini yake wengi wa wenye mzio hawatadhurika. Punje moja ya karanga ina protini ya takriban miligramu 200. Basi sehemu moja ya mia ya punje tayari imefika mpaka huo.

Tazama sasa meza ya mama wa mikate kwa jicho hilo. Kijiko kilichopaka karanga kwenye mkate wa mteja wa kwanza ndicho kinachopaka margarini kwenye mkate wa mteja wa pili. Sufuria iliyokaanga karanga asubuhi ndiyo inayokaanga mikate saa nne, na mafuta hayamwagwi kwa sababu mafuta ni mtaji. Karanga za kusaga zimewekwa kwenye ndoo iliyokuwa ya margarini, na margarini imewekwa kwenye ndoo iliyokuwa ya karanga. Bado kuna mikono yenyewe, inayobandua maganda ya karanga na kurudi kwenye beseni la unga. Moto hauondoi hatari hii. Protini ya karanga inavumilia joto, na kuchoma kavu kumeonekana kuiongezea ukali. Mama hana kosa lolote hapo. Anafanya kazi kwa usafi anaoujua, na hakuna aliyemwambia kwamba kijiko kinaweza kuwa safi machoni pake na kumdhuru mtoto wa mwenzake.

Mteja naye haulizi. Anauliza bei, anauliza kama ni za leo, anauliza kama kuna chenji ya noti ya 5,000. Swali la kilichomo halimjii, maana mikate ni mikate na kila mtu anajua imetengenezwa kwa nini. Anayejua kwamba mwanawe huwashwa akila karanga huona aibu kuuliza, kana kwamba anamshuku mama wa watu.

Neno kushuku limenifikisha mahali pagumu. Katika mashariki ya Kongo, mtu akila kwa mwingine kisha midomo ikavimba na pumzi ikakata, neno la kwanza linalotamkwa ni sumu. Kivu wamelipa hata jina, karuho, na watu wameshtakiana na kuvunja undugu kwa ajili yake. Hebu mfikirie mama anayeuza kando ya barabara yenye abiria, na mtoto wa mgeni ameanguka mbele ya meza yake akiwa bado ameshika mkate. Hana karatasi ya kuonyesha, hana mwanasheria, hana pa kukimbilia. Umati hauwezi kuona protini. Unaona mtu aliyeuza na mtu aliyeanguka.

Kinachofuata huongeza hatari. Wengi tumelelewa tukiambiwa kwamba dawa ya sumu ni maziwa au mafuta ya mawese, na mgonjwa hulazimishwa kunywa. Kama mzio wake ni wa maziwa, ameongezewa kilekile kinachomuua. Kama si wa maziwa, bado koo lake linafunga, na kinywaji kinaweza kuingia kwenye mapafu. Sumu si jambo la kuwazia tu, ipo. Lakini mtu anayewashwa mwili mzima na kutokwa na vipele dakika kumi baada ya kula karanga, naye alishawahi kuwashwa hivyohivyo mwaka jana, ana ugonjwa wenye jina na dawa yake inajulikana. Chakula kilichooza huchukua njia nyingine: kwa kawaida saa kadhaa hupita, huja tumbo, kuhara na pengine homa, na hushika wengi waliokula sufuria moja. Mzio humchagua mmoja kati ya kumi waliokula kitu kilekile.

Kuna jingine linalochanganywa nao. Mtu mzima anayekunywa mtindi au maziwa kisha tumbo likajaa hewa na kuunguruma, mara nyingi hana mzio. Tumbo lake limeacha kutengeneza kimeng’enya cha kuvunja sukari ya maziwa, kama ilivyo kwa watu wazima wengi sana wa Afrika ya Kati. Ni usumbufu, lakini hauui. Nalitaja kwa sababu ukimsikia mtu akicheka kwamba yeye ana alerji ya maziwa na mbona hajafa, huenda anazungumzia tumbo lake, na mtoto wa jirani anazungumzia pumzi yake.

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni ya Wazungu. Ni kweli huko yamesajiliwa zaidi, na bara letu limepimwa kidogo. Lakini pale lilipopimwa, majibu hayatupi ruhusa ya kulala. Nchini Afrika Kusini watafiti waliwachunguza watoto wadogo wa miezi 12 hadi 36: mjini Cape Town asilimia 2.5 walikuwa na mzio wa chakula uliothibitishwa, na vijijini katika Rasi ya Mashariki asilimia 0.5. Mji na kijiji havifanani, na Kisangani ni mji unaokua. Kule Ghana utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha jambo ambalo daktari wa Tshopo anapaswa kulijua: watoto wengi wa shule walikuwa na dalili za mzio wa karanga kwenye kipimo cha damu, lakini wachache tu ndio walioonyesha dalili hizo kwenye kipimo cha ngozi. Tofauti hiyo ilihusishwa na minyoo ya kichocho, ambayo huifanya damu itoe majibu ya kupotosha. Mahali penye minyoo mingi kama kwetu, karatasi ya maabara peke yake haitoshi kumwambia mama amnyime mtoto karanga.

Na kumnyima bila sababu ni kosa kubwa. Karanga ni protini ya bei nafuu, iko kwenye uji wa watoto na kwenye mboga. Mwaka 2015 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa London ulioongozwa na Gideon Lack. Watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya mzio waligawanywa, wengine wakalishwa karanga mapema na wengine wakanyimwa. Miongoni mwa wale ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha dalili mwanzoni, walipofika miaka mitano walionyimwa walikuwa na mzio kwa asilimia 13.7, na waliolishwa asilimia 1.9. Bibi zetu wanaowaonjesha watoto karanga iliyosagwa laini tangu uji wa kwanza walikuwa kwenye njia nzuri. Kwa hiyo hakuna hapa hoja ya kuziondoa karanga sokoni. Waendelee kuuza, tuendelee kula, ila yule mmoja anayedhurika apate njia ya kujua.

Ulaya wenyewe walijifunza kwa kilio. Tarehe 17 Julai 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alinunua mkate uliojazwa mboga kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, London, kabla ya kupanda ndege kwenda Nice, Ufaransa. Alikuwa na mzio wa ufuta, na familia yake ilizoea kusoma kila karatasi. Ufuta ulikuwa umechanganywa ndani ya unga, hauonekani, na karatasi haikuutaja kwa sababu sheria ya wakati huo haikulazimisha kutaja viambato vya vyakula vinavyotengenezwa na kufungwa palepale dukani. Alizidiwa angani. Baba yake alimchoma sindano mbili za adrenalini, lakini hakupona. Wazazi wake walipigania mabadiliko, na tangu Oktoba 1, 2021 sheria inayobeba jina lake inalazimisha chakula cha namna hiyo nchini Uingereza kiwe na orodha kamili ya viambato.

Naitaja Heathrow kwa sababu ufa uliommeza Natasha ndio ukumbi mzima wa biashara ya Bangboka. Huko lilikuwa pengo moja katika ukuta wa sheria: chakula kinachotengenezwa palepale. Kwetu karibu kila kitu kitamu kinatengenezwa palepale, na hakuna karatasi hata moja. Kongo ni mwanachama wa Codex Alimentarius, chombo cha FAO na WHO kinachoweka viwango vya chakula, na kiwango chake kinataka vyakula vilivyofungashwa vitaje vizio vikuu. Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, ipo tangu 1974 na hukagua bidhaa zinazoingia. Lakini kiwango hicho kinahusu pakiti. Beseni la unga hakilifikii, na sidhani kama mama wa mikate anapaswa kubebeshwa karatasi na faini juu ya ushuru wa soko anaolipa tayari.

Hata pakiti zenyewe zinahitaji msomaji. Biskuti zinazotufikia Kisangani zimepanda mto kutoka Kinshasa au zimekuja kwa lori kutoka upande wa Uganda kupitia Beni. Ile ya Kinshasa ikiwa na karanga itaandikwa arachide. Ile ya Kampala au Nairobi itaandikwa groundnuts au peanuts. Maziwa ni lait kwenye moja na milk kwenye nyingine. Mzazi mwenye mtoto wa mzio ayakariri maneno hayo machache kama anavyolikariri jina la dawa, na muuzaji asifungue pakiti kubwa akauza biskuti mojamoja huku karatasi yenye maandishi ikienda kuwashia moto.

Nirudi kwenye zile dakika chache baada ya kula. Nchini Uingereza, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu vifo vya mzio mkali ulionyesha kwamba, chakula kinapokuwa ndicho chanzo, moyo au pumzi vilisimama kwa wastani wa dakika 30 baada ya kula. Kutoka Bangboka hadi hospitali kubwa za mjini ni kilomita 17 nyuma ya pikipiki, na mvua ya Kisangani haiombi ruhusa. Mtu anaweza kufika. Anaweza pia asifike.

Dawa inayookoa ni adrenalini. Iko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu, inakuja kwenye ampuli ndogo ya mililita moja yenye miligramu moja, na haihitaji mashine. Zile kalamu za kujichoma ambazo Wazungu hutembea nazo ni ghali na ni adimu kwenye nchi nyingi za Afrika, lakini ampuli na bomba la sindano vinatosha mikononi mwa muuguzi: nusu miligramu kwa mtu mzima, ndani ya msuli wa paja upande wa nje, na mtoto hupewa kidogo zaidi kulingana na umri. Hali isipobadilika baada ya dakika tano, dozi hurudiwa. Sindano ya dexa (deksamethasoni) na vidonge vya kuzuia kuwashwa, ambavyo ndivyo watu huvikimbilia kwenye duka la dawa, vinafanya kazi polepole na havifungui koo linaloziba. Wakati msaada unakuja, mgonjwa alazwe chali miguu ikiinuliwa. Akishindwa kupumua akae, lakini asisimamishwe ghafla wala asitembezwe. Na akipata nafuu asirudishwe nyumbani mara moja, kwa sababu shambulio linaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Kwa upande wa meza, kinachohitajika hakigharimu franga nyingi. Kijiko cha karanga kiwe cha karanga peke yake, kifungwe kitambaa chekundu kama ni lazima. Mikate ikaangwe kwanza, karanga baadaye, na mafuta yaliyokaanga karanga yasirudi kwenye mikate siku ambayo mteja amesema ana mtoto wa mzio. Matabishi ya karanga yatolewe kwenye karatasi yake, tena baada ya kuuliza. Mama akiulizwa na hana uhakika, aseme hajui. Jibu hilo litampotezea mauzo ya madonge mawili, na litamlinda yeye kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu aliyeonywa mbele ya watu hawezi kusema amelishwa sumu.

Anayeuliza naye aulize kwa adabu, bila sauti ya kutuhumu: “Mama, mu mikate hii muko karanga? Mutoto wangu anakuwa na alerji.” Anayesema Lingala aulize kwa Lingala, maana hapa lugha zote mbili zinaishi nyumba moja. Aulize pia kuhusu mafuta, maana mama anaweza kujibu kwa ukweli kabisa kwamba kwenye unga hamna karanga, na karanga ziko kwenye sufuria.

Kwa wakubwa wa afya wa Tshopo na wasimamizi wa kiwanja nina ombi moja tu. Kila kituo cha afya kwenye barabara ya Bangboka, na kiwanja chenyewe, kiwe na ampuli za adrenalini ambazo muda wake haujapita, na mtu wa zamu anayejua kuichoma pajani bila kusubiri amri kutoka mjini. Wewe msomaji mwenye mtoto aliyewahi kuvimba midomo baada ya kula, mpeleke kwa daktari wiki hii ukiwa na orodha ya alichokula siku hiyo, na mkimsindikiza mtu Bangboka, uliza kabla hujatoa noti.